Mbegu za Sonara

Nilijifunza kushindilia risasi Mahajanga, mtaa wa Tsaramandroso, kwa fundi ambaye kwa muda mrefu hakuniruhusu hata kulifungua kopo la baruti. Kazi yake hasa ilikuwa kufuli na cherehani. Lakini walowezi wa Kifaransa walimletea bastola zao zilipokwama, na kwa kuwa risasi mpya zilikawia kufika kutoka kwao, walimletea pia maganda matupu ayajaze upya: fataki mpya kitakoni, baruti ndani, risasi mdomoni. Kibali chake cha ofisi kilining'inia ukutani ndani ya kioo, kando ya Ayatul Kursi, na vyote viwili alivipangusa vumbi kwa kitambaa kimoja.

Nilifika kwake kama nilivyofika kila mahali, kwa kusimama mlangoni na kuuliza. Shule niliiacha mapema, kabla hatujaanza desimali, na tangu hapo nimekuwa nikimfuata mtu yeyote mwenye chombo mkononi. Nimekaa na watengeneza tanga, na mtu wa kutia bati masufuria, na mpishi wa meli aliyejua kunoa visu kuliko kupika. Nikishajua, huondoka. Sisemi hivyo kwa kujisifu.

Fundi asili yake ilikuwa Ngazija. Mimi Kiswahili changu kilikuwa cha pwani ya Afrika, chake kilikuwa Kingazija chenye maneno ya bahari na ya dini aliyoachiwa na wazee wake, na tulipokwama tuliangukia Kimalagasi, ambacho ndicho kilichosemwa na mtaa mzima. Kukwama hakukuwa kwingi, maana hakuwa mtu wa maneno.

Mezani kwake kopo la baruti lilikuwa moja tu. Likihitajika la pili, la kwanza lilirudi kabatini kwanza na kabati likafungwa. Maganda aliyapanga kwenye ubao wenye matundu, midomo juu, na baada ya kuyatia baruti aliuinamisha ubao dirishani akachungulia moja baada ya jingine, kwa jicho lililo karibu kama anayetafuta kibanzi. Ganda likitiwa mara mbili kwa kusahau, nje halionyeshi kitu. Ni pale tu dirishani unapoliona, na ukishalifunga kwa risasi hutaliona tena.

Kilichonivuta zaidi ni namna alivyokitafuta kipimo. Kopo lilikuwa na maandishi yake, lakini fundi alisema aliyeandika kule Ulaya hakuiona bastola hii iliyoko mezani. Alianza chini ya maandishi, chini kwa kweli, hata risasi ikatoka kwa uvivu. Aliifunga bastola kwenye benchi la nyuma, mtutu ukielekea magunia ya mchanga, akafunga uzi kwenye kifyatulio, akaenda nyuma ya ukuta na kuvuta. Kisha aliokota ganda na kulisoma. Fataki yenye kingo za mviringo ilikuwa na afya. Fataki iliyoanza kulala bapa na kujaa tundu lake ilikuwa inalalamika. Ganda lililotoka kwa kidole lilikuwa sawa. Lililohitaji kugongwa lilikuwa limesukumwa kupita kiasi. Akiridhika alipanda kidogo sana, akajaza chache, akavuta uzi tena. Alama ya kwanza ya lalamiko ikitokea hakubaki hapo hata kama sauti ilikuwa nzuri. Alirudi chini, akapita kipimo kilichotangulia, akakaa hapo. Na kopo jipya likifunguliwa alianza tena mwanzo.

"Fundi," nilimwambia siku moja, "kwa nini tusianzie pale tulipoishia?"

"Lile kopo limekwisha."

"Lakini ni baruti ileile. Picha ileile koponi."

"Umeionja?"

"Hapana."

"Basi vuta uzi."

Wanawake waliopita na ndoo uchochoroni walisimama kunitazama nikijibanza ukutani na uzi mkononi. Fundi hakuwajali. Mimi niliwajali. Mimi ni mtu ninayeona haya upesi. Nikichekwa masikio hupata moto, na nikijua yamepata moto huzidi kuona haya. Nilijifunza kuvuta uzi uso ukiwa umegeukia upande wa pili.

Mzani wake ulikuwa mdogo, wa shaba, wa kukunja. Vile vyuma vidogo kabisa vya kupimia vilipotea kabla sijamjua, na mahali pake alitumia mbegu, kama masonara wanavyofanya: zile ndogo, nyekundu, zenye doa jeusi. Alizichagua moja moja kwa kuzipambanisha kwenye mzani, zilizoguswa na mdudu akazitupa. Kipimo cha kila bastola alikijua kwa mbegu. Nilipomuaga kwenda kisiwa cha Nosy Be alinipa mzani wa akiba na kifuko cha mbegu hizo. Alinitazama tu nikikiweka kifuko ndani ya sanduku la mzani, akaona nimekiweka mahali pake, akarudi kwenye cherehani ya watu.

Nosy Be nilipata kazi kwenye kiwanda cha kukamua mafuta ya ilangilangi, kupokea maua asubuhi na kuyamwaga kwenye mitungi. Nililala Ambanoro, kwa mfanyabiashara wa nguo na samaki wakavu ambaye babu yake alitoka Ngazija. Alinipa chumba cha uani kwa sababu nilimtengenezea kufuli la duka, na mkewe akanipa chakula kwa sababu nilikuwa nimekaa pale wakati wa kula. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtu wa nyumba ile. Kila nilipofunuliwa kawa niliona haya, na kila siku nilikula.

Kaka wa mke ndiye aliyekuwa msimamizi wa shamba la maua. Nyumba nzima tulimwita mjomba. Alikuwa na kifua kipana na kilemba cha njano, na mzaha wake ulisikika kabla hajafika kwenye lango. Siku za kupeleka mishahara mwenye shamba, Mfaransa, alimkabidhi bastola, na maganda matupu yalikuwa yamejaa droo ya ofisi. Mjomba aliposikia kuwa najua kuyajaza, alimwambia tajiri wake. Vazaha yule, kama Wamalagasi wanavyomwita mzungu, akatoa kopo la baruti, fataki na mkate wa madini ya risasi wa kuyeyusha. Wakati huohuo binti wa nyumba alikuwa anaolewa, na hapo mambo mawili yakaungana.

Katika nyumba ile mjomba wa bibi harusi ndiye anayempokea bwana harusi langoni kwa mlio wa bunduki. Msafara ukitokea, anapiga; unapokaribia, anapiga; bwana harusi anapovuka kizingiti, anapiga ya mwisho. Nyumba isiyolia inasemwa kuwa imemtoa binti kama anayetoa kitu alichokificha. Zamani walitumia gobori na baruti nyeusi. Gobori lilikuwa limeoza. Mfaransa akakubali kuazima bastola kwa siku ile, na kwa sharti lake risasi zingepigwa kwenye chungu ya mchanga kando ya lango, si hewani juu ya paa za watu. Risasi ilibidi iwepo, kwa sababu baruti hii mpya bila kitu cha kuizuia mdomoni hukohoa tu.

Basi nikaanza chini, kama nilivyofundishwa. Nyuma ya nyumba palikuwa na magofu ya nyumba za mawe za wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa pale zamani. Niliifunga bastola kwenye gogo, mtutu ukielekea kifusi, nikafunga mshipi wa kuvulia kwenye kifyatulio, nikajibanza nyuma ya ukuta, nikavuta. Nusu ya Ambanoro ilikuja kutazama.

"Anafanya nini yule?"

"Anavuta mbuzi."

"Mbuzi mwenyewe mbona kalala?"

Mjomba alikuwa wa kwanza kucheka na wa mwisho kuacha. "Bwana Kamba," aliniambia mbele yao, na tangu siku hiyo jina hilo likanikaa, "ukipata mchumba utamwoa kwa mshipi?"

"Nikimpata, mjomba, utaniazima mkono wako."

"Wangu upo. Wako ndio sijui uko wapi."

Nilicheka nao. Nilipanda kidogo kidogo kwa siku kadhaa, nikisoma maganda, na nilipoona fataki moja imeanza kulala nilirudi chini kama fundi. Nikapata kipimo. Usiku ule, wakati wa chakula, nilifanya jambo ambalo lilitokana na kule kuchekwa: nilimweleza mjomba. Nilitaka ajue kwamba nyuma ya ule uzi kulikuwa na elimu. Nikamweleza habari ya mzani na mbegu, na jinsi fataki inavyosomwa, na nikamtajia idadi. Aliirudia polepole, kama mtu anayeishika njia. Idadi yenyewe siiandiki hapa. Ilikuwa ya kopo lile na bastola ile, na vyote havipo.

Nilikuwa nimejaza chache tu. Mjomba alitaka nyingi zaidi, maana upande wa bwana harusi walikuwa watu wa Andoany, mji mkubwa wa kisiwa, wenye ndugu kwenye ofisi na kwenye maduka, na alitaka wasikie tangu kona ya barabara. Nilimwambia nitamaliza. Lakini siku moja kabla ya harusi mwenye nyumba alinituma Andoany na mkokoteni kuleta sukari, mchele, vikombe vya kukodi na chupa ya marashi ya waridi, na nilirudi nimechoka. Mjomba akaniambia nisijisumbue, risasi zimetosha. Nilidhani ana maana ya zile zangu. Nikalala.

Msafara ulifika baada ya swala ya alasiri. Lango lilikuwa limepambwa kwa makuti. Kwenye kigoda, karibu na mjomba, palikuwa na bati la sigara lenye risasi, na kando yake alisimama shangazi wa bibi harusi na beseni la shaba: maji ya marashi, liwa na maua ya ilangilangi, ya kumwosha bwana harusi mguu kizingitini. Nilisimama nyuma yao kidogo, nikiwa nimevaa kanzu ya kuazima.

Risasi ya kwanza ililia kama zilivyolia magofuni, fupi na kavu. Vigelegele vikajibu. Ya pili ilikuwa kitu kingine. Niliisikia kwenye meno. Mkono wa mjomba uliruka hadi juu ya kilemba, mchanga ukatawanyika, na watu wakashangilia zaidi kwa sababu walidhani hiyo ndiyo heshima yenyewe.

"Haya, sasa ndiyo mnatusalimu," mmoja wa upande wa bwana harusi alisema.

Mjomba alivuta kifyatulio tena. Gurudumu la bastola halikuzunguka. Akaligonga kwa kiganja, huku akitabasamu kuwaelekea wageni.

"Lete nikusaidie, mjomba," nikamwambia.

Alinipa bila wasiwasi. Nilitumia kijiti na jiwe kulitoa ganda lile. Lilikuwa limevimba, na fataki yake imelala bapa kabisa, imejaa tundu hadi ukingoni kama unga uliokandamizwa kwenye kikaango. Magofuni sikuwahi kufika hata karibu na hapo. Nikazitoa na nyingine zilizobaki ndani ya gurudumu, nikazirudisha kwenye bati.

"Hizi nimejaza mimi?" nikamwuliza kwa sauti ya chini.

"Nyingine zako, nyingine zangu. Jana ulipokwenda mjini nilikupunguzia kazi. Hesabu yako ileile, sikuzidisha hata moja."

"Kwa mzani upi? Wangu nilikuwa nimeufungia."

"Wa sonara. Nilimwazima."

"Na mbegu?"

"Na mbegu zake. Ulidhani nilipimia kunde?"

Akaingiza vidole mfukoni mwa koti akatoa moja, akaniwekea kiganjani. Ilikuwa nyekundu yote, inang'aa, bila doa, kubwa kuliko zangu. Nilikuwa nimeziona kwa baadhi ya masonara wa Mahajanga. Wao huihesabu moja ya hizo kama mbili za zile ndogo. Hawakosei, kwa sababu mbegu zao hazitoki kwenye meza zao. Kila mmoja hupima dhahabu yake kwa zake, na mteja huridhika. Mjomba alikuwa amechukua hesabu ya meza moja akaipimia kwa meza nyingine. Alifanya kwa wema, ili mgeni apumzike.

Nilielewa yote kwa mara moja. Risasi ile ya pili ilikuwa karibu kuipasua bastola ya zamani iliyochakaa, na haikuipasua kwa sababu tu kipimo changu kilikuwa cha chini. Nyingine ya aina ile, au ile itakayofuata, ingeweza kuondoka na vidole vya mjomba, au jicho lake, au la shangazi aliyesimama hatua chache kutoka kwake. Na ndani ya bati zangu na zake zilikuwa zimechanganyika, ganda moja, risasi moja, sura moja. Hakuna jicho lingeweza kuzitenga.

"Usipige tena," nikasema.

"Kwa nini?"

"Baruti imezidi."

"Imezidi wapi, na mimi nimesimama?"

Msafara ulikuwa umefika. Nyimbo zikapungua, watu wakangoja, maana mlio wa kizingitini haukuwa tayari na hawakujua kama waje au wasimame. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema neno la maana. Mtu mwingine angemvuta mjomba pembeni, angemtania, angemwambia chuma kimepata ufa na tajiri atakasirika. Mimi sikuweza kusema kwa sauti, mbele ya wakwe, kwamba mjomba wa bibi harusi amepima vibaya. Wala sikupata namna ya kulisema kwa upole. Nilisimama na bastola ya watu mkononi, masikio yanawaka.

Mjomba naye aliwaona wakwe wanatazama. Akapandisha sauti, na mzaha ukaingia ndani yake. "Basi piga wewe. Si ndiwe uliyefundishwa Mahajanga? Shika, piga, tusikie."

"Sipigi."

"Huiamini kazi yako?"

"Sipigi, mjomba."

"Mleteeni kamba yake," akasema, na pande zote mbili za lango zikacheka.

Bibi mmoja wa upande wa bwana harusi aliita kutoka katikati ya watu, "Baruti imewaishia au mmembadilia binti mawazo? Mtuambie, miguu inauma."

Wakacheka tena, lakini si kicheko kilekile. Mwenye nyumba akatoka. Alikuwa mtu mpole, na hakumtazama shemeji yake, alinitazama mimi, mimi niliyelala uani kwake bila kumlipa kitu.

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu, bwana," nikasema. Ndivyo nilivyosema. Nikiwa bado nalisema hilo, mjomba aliichukua bastola mkononi mwangu na kunyoosha mkono mwingine kwenye bati.

Nililinyakua mimi kwanza. Nikageuka nikitafuta maji, na maji yaliyokuwa karibu yalikuwa kwenye beseni. Nikazimwaga zote humo.

Maji hayaiui risasi papo hapo, nilijua hivyo hata wakati ule. Lakini hakuna mtu anayeitia kwenye bastola risasi inayochuruzika maji, na mimi nilitaka hilo tu. Zilizama na kugonga shaba, moja baada ya nyingine, sauti kama ya mtu anayepiga upatu bila kujua. Shangazi hakusogea. Maua yalihama pembeni. Kisha katikati ya beseni mafuta yakaanza kupanda, macho madogo madogo ya mafuta, kwa sababu risasi zote nilikuwa nimezipaka mafuta ya mnyama ili ziteleze mtutuni. Yalielea juu ya maji ya waridi na kutanuka, na kila mtu aliyesimama langoni akayaona.

"Mafuta ya nini hayo?" mtu akauliza taratibu.

"Ya ng'ombe," nikasema. "Ya ng'ombe tu."

Bwana harusi, kijana mwembamba ambaye sikuwahi kuzungumza naye, alikuwa amekwisha kuvua kiatu kimoja.

"Mgeni," shangazi akasema, wala hakupaza sauti, "hata maji ya mguu?"

Akayamwaga nje ya lango. Risasi zikabingirika kwenye vumbi, na watoto wakakatazwa kuziokota. Chupa ya marashi nilileta moja tu kutoka Andoany, na ilikuwa imekwisha humo. Alirudi na maji ya kisimani, meupe, bila harufu yoyote, na bwana harusi aliunyoosha mguu wake juu ya beseni ambalo halikuwa limesuguliwa vizuri. Alivuka kizingiti kimya. Wanawake wa nyumba walijaribu vigelegele, vikatoka vichache. Mjomba alibaki kando ya chungu yake ya mchanga, bastola tupu inaning'inia mkononi, hajui aiweke wapi. Hakuwa akicheka. Kumwona hacheki kuliniuma kuliko kuchekwa.

Nilikwenda chumbani kwangu, na pilau ya harusi sikuila. Mtu aliniletea sahani akaiweka mlangoni. Hilo nalo liliniaibisha.

Kesho yake nilimfuata mjomba nyuma ya duka. Nilichukua mzani wangu, mbegu zangu, na ile yake moja aliyoniachia kiganjani. Nilidhani akiona kwa macho yake atajua kwamba sikumdhalilisha bure. Niliweka yake upande mmoja, zangu mbili upande wa pili. Vitanga vikasimama karibu sawa.

"Tazama, mjomba."

Alikigusa kitanga kimoja kwa kidole, akakiachilia kikapanda.

"Sonara yule hajanidhulumu hata siku moja," akasema.

"Sijasema amekudhulumu."

"Mahari ya dada yangu aliipima yeye."

"Mbegu zake ni sawa kwake. Mimi nilipimia hizi."

"Basi zako ndizo ndogo."

Ilikuwa kweli. Ndizo zilizokuwa ndogo. Alinirudishia ile mbegu yake, akafikiri, akaichukua tena akaitia mfukoni. Ilikuwa ya kurudishwa kwa sonara mwenyewe. Bastola ilikwisha kupelekwa kwa Mfaransa. Nilimwomba amwambie tajiri wake kwamba gurudumu lichunguzwe na fundi kabla ya kutumika tena. Alisema atamwambia. Sijui kama alisema, kwa maana ingembidi aeleze.

Mwenye nyumba hakunifukuza. Mkewe aliendelea kunifunulia kawa. Hakuna aliyenitajia jambo lile, na katika nyumba iliyojaa mzaha ule ukimya ulikuwa mzito kukaa nao. Watoto waliacha kuniita Bwana Kamba. Nilivumilia hadi maua ya msimu yalipopungua, kisha nikasema nina habari za kazi Mahajanga. Sikuwa nazo.

Niliporudi Tsaramandroso fundi alinisikiliza mwisho hadi mwanzo, maana nilianza na beseni. Alikuwa anatia mafuta kwenye cherehani ya mtu na hakuacha kutia mafuta. Nilimwonyesha ganda lile lililovimba, ambalo nililiokota vumbini. Aliligeuza, akaitazama fataki, akaguna.

"Ulifanya vizuri kumzuia."

"Ndiyo, fundi."

"Lakini ungezitia mfukoni."

"Nini, fundi?"

"Zile risasi," akasema. "Ulikuwa na kanzu. Kanzu ina mifuko. Ungezitia mfukoni ukaondoka."

Nimelifikiria jambo hilo kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri. Kanzu ilikuwa ya kuazima lakini mifuko ilikuwa nayo, pande zote mbili. Ningeondoka nazo, wangenicheka hadi kwenye kona, wangeniita mwizi labda, na bwana harusi angeoshwa mguu kwa marashi ya waridi. Mlio usingekuwepo, hilo lisingeepukika. Maji yangekuwepo. Katika yote niliyofundishwa juu ya kuanza chini na kupanda polepole, siku ile nilirukia juu kwa mara moja.

Muda fulani baadaye alipita Tsaramandroso mshonaji mmoja wa Ambanoro, kununua sindano za cherehani. Hakunijua. Fundi alipomwuliza habari za kwao, akasema habari njema, binti fulani amejifungua, na mjomba wake anaendelea kuwachekesha watu kwa kisa cha mgeni aliyetia risasi kwenye maji ya bwana harusi.

"Anakisimulia?" nikauliza.

"Kila arusi. Watu humwomba. Huku anashika bastola, hivi, huku anashika beseni, hivi, na anamwigiza yule bwana mwenye masikio mekundu."

"Kwa mikono yote miwili, mizima?"

Alinitazama kama mtu asiyeelewa.

"Kwani angesimulia kwa mingapi?"

Fundi alicheka kwa pua. Mimi niliinama nikajifanya natafuta kitu chini ya meza, na nilibaki huko mpaka yule mshonaji alipochagua sindano zake na kwenda.